Sina Jipya

Niseme mapema ili nisije nikaonekana mwema: nilimwonea mdogo wangu wivu, tena si ule wivu wa kupita. Ulikaa na mimi miezi mitatu, ukalala na mimi, ukaamka na mimi, ukanifuata mpaka kazini. Mimi ni fundi saa. Nakaa nyuma ya kioo chini ya ngazi za jengo la ofisi, lenzi jichoni, nikishika kwa kibanio vitu vidogo kuliko punje ya mchele. Kazi hiyo haitaki mkono unaotetemeka, na miezi ile mitatu wangu ulitetemeka. Niliharibu saa mbili za watu nikasingizia betri.

Chanzo kilikuwa dansi. Kila Jumamosi mchana kikundi chetu hufanya mazoezi katika ghala la zamani la karatasi. Tuko tisa. Wanne tunacheza kwenye viti vya magurudumu, mmoja anacheza kwa magongo, mmoja hasikii, na watatu waliobaki wana kila kitu, miguu na masikio, nasi tunawaita Wazima kwa kuwatania. Asiyesikia ni Ngongoti. Tulimpa jina hilo kwa urefu wake. Ni seremala, na ndiye aliyetandika mbao juu ya saruji yote ya ghala ili mdundo wa ngoma umfikie kwenye nyayo.

Miaka sita nimecheza na Ngongoti kipande cha mwisho, dakika sita, sisi wawili peke yetu sakafuni. Ananiegemea begani kwa uzito wake wote, mimi nazungusha magurudumu, naye anainuka mguu mmoja, halafu yote miwili, na kwa muda wa pumzi moja mtu mzima mwenye kilo themanini na kitu anakuwa amebebwa na mimi. Mkewe huja kututazama na huniletea karanga, kwa hiyo usianze kufikiria mengine. Ngongoti sikumtaka. Nilikitaka kipande. Nyumbani nabebwa, kwenye ngazi nabebwa, hata choo cha kazini mlango wake nafunguliwa. Mle ghalani ndimo nilimokuwa nabeba mimi.

Tuna utaratibu mmoja ambao mwalimu wetu, mwanamke mfupi asiyejua kunong'ona, hana mzaha nao. Kabla ya kucheza tunakaa duara na kila mtu anatangaza. Kutangaza ni kusema kilichobadilika kwenye mwili wako au kwenye kifaa chako tangu tulipoonana. Goti limevimba. Nimeweka tairi mpya. Sikulala. Mpira wa gongo umelika. Kama huna la kusema unasema, "Sina jipya," na zamu inapita. Mtu akikuegemea anaegemea kile alichokizoea, ndiyo sababu. Mwaka juzi mwenzetu mmoja alibadilisha breki za kiti chake akanyamaza kwenye duara, na yule aliyecheza naye akavunjika meno mawili. Mwalimu alimwondoa siku ileile, hakungoja hata damu ipanguswe.

Sasa, mdogo wangu. Yeye hupiga pasi kwenye duka la dobi, asubuhi mpaka saa saba. Baada ya hapo, kila Jumamosi, alikuwa akija kunichukua, ananisukuma mpaka ghalani, anakaa juu ya rundo la mbao za Ngongoti akinisubiri, kisha ananisukuma mpaka nyumbani. Kazi hiyo alipewa na mama akiwa na miaka saba, siku kiti changu cha kwanza kilipoletwa. Mimi nilikuwa na kumi na miwili. "Msukume dada yako," mama alisema, na tangu hapo hakuna aliyemwambia basi, inatosha.

Jumamosi moja mmoja wa Wazima aliteguka kifundo cha mguu. Mwalimu akamgeukia mdogo wangu kule kwenye mbao.

"Wewe, njoo usimame hapa tu, tusipoteze nafasi. Usifanye kitu."

Akafanya kitu. Ngoma ilipofika pale ambapo yule mwingine hupita, mdogo wangu alipita, bega likitangulia, kichwa kikifuata kwa kuchelewa kidogo, na mikono ameiacha ining'inie. Sijui niseme nini zaidi. Alikuwa mzuri. Mtu aliyezoea kutazama saa anajua mara moja ipi inakwenda vizuri, hahitaji kuifungua. Nilijua kabla mwalimu hajajua, na roho iliniuma papo hapo.

"Umejifunzia wapi?" mwalimu akamwuliza.

"Sijajifunza. Nimetazama."

"Muda gani?"

"Kama miaka sita."

Mwalimu akacheka mpaka akashika kiuno. Kufikia Jumamosi iliyofuata mdogo wangu alikuwa kwenye duara, anatangaza kidole alichokiunguza kwa pasi, kila mtu anamsikiliza kwa makini. Jumamosi ya tatu kipande cha mwisho kikawa cha watu watatu. Nilitabasamu mpaka mashavu yakaniuma. Jumamosi ya sita mwalimu alichuchumaa mbele yangu, magoti yakimlia, akanishika mkono.

"Hapa katikati," akasema, "nataka utulie. Dakika mbili. Hao wawili wacheze, wewe uwe tuli pembeni. Utulivu wako una nguvu sana."

Utulivu wangu. Nimetulia maisha yangu yote, hakuna aliyewahi kunipigia makofi. Sikusema hivyo. Nilisema, "Sawa, mwalimu," nikasogea pembeni nikawa na nguvu.

Kutoka pembeni nilimwona Ngongoti akimwegemea mdogo wangu. Alikuwa akimtazama usoni kama alivyokuwa akinitazama mimi, kwa kuwa hasikii na macho ndiyo masikio yake, na nilijua hivyo, na bado nilitamani aangukie pua. Mdogo wangu akacheka. Nyumbani huwa hacheki hivyo. Nyumbani anavua viatu, anakula, analala.

Jioni ile nilimwambia mama. Alikuwa anaosha vyombo, akanisikiliza bila kugeuka.

"Mngefurahi," akasema. "Wote wawili jukwaani. Nani angedhani."

"Ana dunia nzima ya kuchezea huyo. Kwa nini aje kuchezea kwangu?"

"Kwako wapi? Hilo ghala una hati yake?"

"Mama, unajua ninachosema."

"Najua," mama akasema, akalifunga bomba. "Nimezaa wawili. Msinichoshe."

Mdogo wangu alikuwa chumba cha pili, na ukuta wetu ni wa mbao nyembamba. Jumatatu asubuhi alinisukuma kwenda kazini tukizungumzia mvua.

Alikuwa na kasoro moja tu, na niliishika kama mlevi anavyoshika nguzo. Mwisho wa kipande alitakiwa aje mbio kutoka nyuma yangu, aweke mikono miwili kwenye mabega yangu, aniachie uzito, nami nimzungushe nusu duara mpaka atue mbele ya Ngongoti. Kila alipoharakishwa au kuogopa, mikono yake haikwenda mabegani. Ilikwenda kwenye vishikio vya kusukumia, nyuma ya kiti. Kiti kinaruka mbele, mimi narushwa, ngoma inasimama.

"Mabega," mwalimu alikuwa akisema. "Dada yako ana mabega. Yatumie."

"Samahani, mwalimu. Mikono inakwenda yenyewe."

Jumamosi ya mwisho kabla ya onyesho letu la hadharani, mikono ilikwenda yenyewe mara nne kati ya tano. Nikahesabu.

Wazo lilinijia Jumatatu, nikiwa na bisibisi mkononi, nimefungua saa ya mhasibu wa ghorofa ya tatu. Vishikio vya kiti changu vimefungwa kwa skrubu mbilimbili. Wenzangu wawili walishaondoa vyao zamani ili visiwasumbue kwenye kucheza, na hakuna aliyeona ajabu. Mimi niliviacha kwa sababu ya kusukumwa. Nikiviondoa dakika ya mwisho, mdogo wangu atakuja mbio mbele ya watu mia tatu, ataogopa, mikono itakwenda ilikozoea, na haitakuta kitu. Atashika hewa. Watu wataona kwamba huyu si mchezaji, ni msukumaji aliyeazimwa. Mwalimu ataona. Kipande kitarudi kilikotoka. Nilikiri yote haya moyoni, tena kwa mpangilio, nikaufunga mfuniko wa saa ya mhasibu bila mkono kutetemeka.

Onyesho lilikuwa saa tisa alasiri, katika ukumbi wa chuo kimoja chenye viti vyekundu vya kukunja. Mdogo wangu alinisukuma hadi mlango wa nyuma. Alikuwa amesuka upya, na shingo yake ilikuwa inang'aa mafuta. Njiani aliniambia mara mbili kwamba anaogopa. Nilimwambia ni kawaida, itapita.

Nikaingia chooni na mkoba wangu, nikafunga mlango. Kufikia vishikio ukiwa umekalia kiti chenyewe si kazi ndogo. Nilijipinda mpaka mbavu zikalia, bisibisi nikiipapasisha kwa nyuma bila kuona. Skrubu ya nne ilikataa. Nilikaa nayo dakika tano, jasho likinitoka, na muda wote huo ningeweza kuacha. Ikakubali. Vishikio nikavizungushia taulo, nikavisukumia chini ya mkoba. Mgongo wa kiti ulikuwa na kitambaa cha bluu cha mavazi yetu, kinaning'inia kutoka mabegani mwangu mpaka karibu na ekseli ya magurudumu, na kilifunika kila kitu.

Tukakaa duara nyuma ya pazia. Wa magongo alitangaza kwamba kwapa limechubuka. Ngongoti alionyesha kwa ishara kwamba sakafu ya pale ni nene, ngoma haimfikii vizuri, tumwangalie. Zamu ikafika kwangu. Mwalimu aliniangalia. Mdogo wangu, aliyekuwa ameketi sakafuni karibu na gurudumu langu, aliniangalia pia.

"Sina jipya," nikasema.

"Mimi mikono inatetemeka," mdogo wangu akatangaza baada yangu. "Nyie mnisamehe tu nikiwakosea."

Watu wakamcheka kwa upendo. Mwalimu akamwambia amtazame dada yake, atapata nguvu.

Tulicheza. Ukumbi ulijaa, na mama alikuwa mstari wa pili na blauzi yake ya kanisani. Kipande cha mwisho kilianza vizuri, nikazunguka na Ngongoti zile dakika mbili nilizobakishiwa, kisha nikasogea pembeni kuwa tuli. Mdogo wangu akaingia. Mikono haikutetemeka hata kidogo. Alikuwa hajawahi kucheza vile, hata ghalani, na nilisikia ukumbi ukinyamaza ule unyamazaji wa watu waliosahau kukohoa. Wivu ulinipanda tena. Nilimwomba Mungu mikono yake ikimbilie mahali pa ile skrubu ya nne. Ndivyo nilivyoomba, sifichi.

Ngoma ikabadilika. Nikasogea katikati, nikageuza mgongo kwake kama ilivyopangwa, na nikasikia nyayo zake zikija mbio nyuma yangu. Niliusikia ule mpigo mmoja alioukosa, pale hatua ilipokuwa fupi kuliko inavyotakiwa, nikajua ameogopa. Halafu kitambaa kikavutika shingoni mwangu. Mikono yake ilikuwa imekwenda chini, imekuta kitambaa, na ndani ya kitambaa hamna kitu.

Akaja mzima mzima. Kifua chake kilinigonga kisogoni, kidevu kikanipiga utosini, na kiti kikaanza kunyanyuka magurudumu ya mbele. Kikiendelea vile tungeanguka chali, yeye chini, mimi na chuma juu yake. Sikuamua kitu. Miaka sita ya Ngongoti ilikuwa mikononi. Nilimdaka viganja vilipopita juu ya mabega yangu, nikavivuta mbele, nikainama mpaka kifua kikagusa mapaja. Magurudumu yakatua. Mdogo wangu alikuwa amelala mgongoni kwangu kifudifudi, miguu hewani, anahema sikioni mwangu.

"Shika shingo," nikamwambia.

Akashika. Nikazishika rimu, nikasukuma. Nilimzungusha jukwaa lote namna hiyo, nimeinama, nimembeba, mara ya kwanza polepole, mara ya pili kwa kasi. Ngongoti alitukimbilia pembeni mikono wazi, tayari kumdaka, kisha akaona anaweza kuiacha hivyo, akaanza kucheza kutuzunguka. Nilipomtua mbele yake, ukumbi ulisimama. Makofi yale yalikuwa yetu sote watatu, lakini nitasema kweli, nilipoinua uso walikuwa wanamtazama yeye.

Nyuma ya pazia mwalimu alikuja na machozi. Akamkumbatia mdogo wangu, akanikumbatia mimi, akapitisha mkono mgongoni mwa kiti changu, na mkono ukasimama. Akainua kitambaa.

"Vishikio viko wapi?"

Wa magongo akatazama sakafu.

"Tulivitoa," mdogo wangu akasema. "Mimi na dada. Tukasahau kutangaza."

"Mlisahau."

"Ndiyo, mwalimu."

"Kuna mtu aliondoka hapa kwa jambo hilihili."

"Basi tuondoke wote wawili," mdogo wangu akasema, "au tubaki wote wawili."

Mwalimu alitutazama kwa zamu. Kisha akaniangalia mimi peke yangu.

"Jumamosi," akasema, "wewe utaanza kutangaza. Na utatangaza yote." Akaondoka kwenda kuwapokea wageni.

Tulibaki wawili katika chumba cha kuvalia. Nje watu walikuwa wanacheka na kupiga picha, na sauti ya mama ilikuwa juu ya zote, inawaeleza watu nani ni nani. Mdogo wangu aliketi juu ya meza, akaanza kuvua mavazi ya bluu, kifungo kimoja kimoja.

"Ulivitoa lini?"

"Kabla ya duara."

"Ukasema huna jipya."

"Nilisema."

"Ulitaka nianguke?"

"Nilitaka ushike hewa. Kuanguka sikukufikiria." Ilikuwa kweli, na haikunisaidia kitu.

Akavitazama viganja vyake. Nami nikavitazama vizuri, nadhani kwa mara ya kwanza. Chini ya vidole vina sugu, mstari mnene wa rangi ya manjano, kiganja cha kulia na cha kushoto.

"Nilijua una hizo," nikasema. "Nilidhani ni za pasi."

"Pasi nashika kwa mkono mmoja, dada."

Nikalia. Yeye hakulia. Nilimwambia anisamehe, nikamwambia wivu ulinila, kwamba mle ghalani ndimo nilimokuwa na kitu changu peke yangu na akaja akakichukua bila hata kutoka jasho. Alinisikiliza mpaka mwisho, anakunja mavazi kama anavyokunja mashati ya wateja, mkono ndani, kola juu.

"Leo sikusamehe," akasema. "Nimechoka. Labda wiki ijayo."

"Haya."

Nikatoa vishikio kwenye taulo, nikatoa na bisibisi. Njia ya kurudi nyumbani ni barabara tatu, zote za lami. Nilikuwa naweza kujisukuma siku zote. Hakuna aliyewahi kuniuliza, nami sikuwahi kusema.

"Shika huku nikaze," nikamwambia. "Twende nyumbani, mama atatukuta huko."

Hakushika. "Usivirudishe," akasema.

"Tutarudije?"

"Wewe una mikono. Nimetoka kuiona sasa hivi, na watu mia tatu wameiona."

Alisema hivyo bila hasira. Akachukua mkoba wake, akauvaa begani, akafungua mlango wa nyuma akaushikilia nipite. Nje jua lilikuwa bado kali. Nikashika rimu, nikasukuma, nikafika barabarani. Yeye akafunga mlango, akanipita.

Mwanzo nilidhani atapunguza mwendo. Alikuwa anatembea katikati ya njia, mikono inaning'inia, halafu ikaanza kupunga, na kichwa kikawa kinageuka huku na huku kutazama maduka, kama mtu aliyefika mji huo leo. Niliongeza nguvu mpaka viganja vikawaka moto, na bado nafasi kati yetu ikazidi. Nilimwona anapita kona. Nina miaka thelathini na mmoja, na mtu huyu amenipeleka kila mahali nilikowahi kwenda.

Kumbe anatembea haraka. Sikujua.